Vigae vya Meko ya Kuotea Moto katika Nyumba za Zamani za Arusha na Moshi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka baridi ya Juni inapoanza, na ukungu unaposhuka kutoka Meru na Kilimanjaro, watu wenye nyumba za zamani hukumbuka meko ya sebuleni na kutaka kuyafufua. Majibu yaliyo hapa chini yanahusu meko ya kuchomea kuni katika nyumba zilizojengwa kabla ya uhuru au miaka michache baadaye: nyumba za mashamba ya kahawa, nyumba za misheni za Machame na Marangu, nyumba za Shanty Town mjini Moshi, na zile za Usa River na Tengeru upande wa Arusha. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Je, kigae chenyewe kinaweza kuhimili moto?

Kigae cha udongo huchomwa kiwandani kwa joto la takriban nyuzi 1,000 hadi 1,250 za sentigredi, na kwa hiyo joto linalofika kwenye uso wa mbele wa meko haliwezi kukiyeyusha wala kukibadilisha. Kinachoshindwa mara nyingi ni vitu vinavyokishikilia: gundi inayolainika au kukauka kupita kiasi, grauti (kijazo cha mapengo kati ya vigae) inayokatika, na lipu ya nyuma inayoachia ukuta.

Hatari ya pili ni mabadiliko ya ghafla. Kigae kilichopoa usiku kucha kwa baridi ya Julai, kisha kikapigwa na moto mkubwa ndani ya dakika kumi, hutanuka upande wa mbele kabla ya upande wa nyuma kupata joto, na mvutano huo ndio unaoleta ufa. Hivyo kabla ya kuuliza dukani ni kigae gani kinahimili moto, jiulize ni joto kiasi gani litafika mahali unapotaka kukiweka, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo litakaloamua karibu kila kitu kingine.

2. Ni sehemu zipi za meko zinazofaa kuwekwa vigae?

Yagawe meko katika sehemu tatu. Ya kwanza ni tumbo, yaani nafasi ya ndani ambamo kuni hukaa. Humo joto linaweza kupita nyuzi 600, na hamfai kigae chochote cha kawaida, hata kiwe ghali namna gani. Tumbo hujengwa kwa matofali ya kuhimili moto mkali na kuunganishwa kwa udongo wa moto. Saruji ya kawaida haifai humo, kwa kuwa baadhi ya viambato vinavyoipa nguvu huanza kuvunjika joto linapokaribia nyuzi 450.

Ya pili ni uso, yaani ukuta wa mbele unaozunguka mdomo wa meko. Hapa vigae vinakaa vizuri, ingawa sentimita 15 za kwanza kutoka mdomoni hupata joto kali kuliko pengine pote. Ya tatu ni kibaraza, yaani sakafu iliyo mbele ya meko, ambayo haipati joto la kudumu lakini huangukiwa na makaa, magogo na vyuma vya kuchokolea moto. Uso unahitaji kigae kinachovumilia joto, na kibaraza kinahitaji kigae kinachovumilia kipigo. Ukitumia kigae kimoja kwa sehemu zote mbili, chagua kinachofaa kibaraza.

3. Muuzaji anasema tailizi, fundi anasema marumaru. Ni kitu kimoja?

Madukani maneno vigae, tailizi na marumaru hutumiwa kama kwamba yana maana moja, na kwa sakafu ya kawaida hakuna anayeumia. Kwa meko tofauti ni kubwa. Marumaru kwa maana yake halisi ni jiwe la asili, na jiwe hilo lina tabia yake mbele ya moto na masizi (tazama swali la 6). Katika ukurasa huu, kigae ni kile kilichofinyangwa kwa udongo na kuchomwa, na marumaru ni jiwe. Ukimtuma mtu dukani, mwambie aulize jinsi kilivyotengenezwa, kwa maana jina peke yake halitoshi.

4. Nitajuaje kwamba meko ya nyumba hii bado yanafaa kuwashwa?

Swali hili linastahili kuulizwa kabla ya fedha yoyote kutumika kwenye vigae, na kwa bahati mbaya ndilo linalorukwa mara nyingi zaidi. Nimeona meko yaliyopambwa kwa uangalifu mkubwa kisha vigae vikabomolewa mwezi huohuo, kwa sababu moshi ulikuwa ukivuja kwenye ufa wa dohani (bomba la moshi) uliokuwa nyuma yake.

Anza juu ya paa. Tazama kama mawe au matofali ya kichwa cha dohani yamelegea, kama chokaa iliyoyaunganisha imeliwa na mvua za masika, na kama ndege wamejenga viota ndani. Kisha ingia darini na tochi, ufuate dohani kutoka linapotokeza hadi linapoingia ukutani. Doa jeusi au la kahawia kwenye lipu ya nje ya dohani ni dalili kwamba moshi au maji vinapita mahali pasipostahili. Katika ukanda wetu, ongeza sababu nyingine ya kuangalia nyufa: mitetemeko ya ardhi ya Julai 2007, iliyotangulia mlipuko wa Ol Doinyo Lengai wa Septemba mwaka huo, ilisikika hadi mijini. Dohani refu lililojengwa kwa mawe na chokaa ni miongoni mwa sehemu za nyumba zinazoumizwa mapema na mtikisiko.

Mwisho, safisha dohani, fungua dirisha kidogo, washa karatasi chache ndani ya tumbo na utazame moshi unakokwenda. Ukirudi chumbani hata baada ya dohani kupata joto, usiendelee. Moshi unaoonekana unakera macho, lakini gesi ya kaboni monoksaidi inayoandamana nao haina rangi wala harufu, na huua watu waliolala. Jambo hili ni la fundi wa dohani, na vigae vingoje.

## Kuchagua aina ya kigae

5. Poseleni au seramiki ya kawaida: ipi bora?

Kwa kibaraza, poseleni. Kigae cha poseleni hunyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, kimeshikamana sana, na gogo likikiangukia hakimeguki kwa urahisi. Kwa uso wa meko jibu si jepesi hivyo. Seramiki ya ukutani, ambayo mara nyingi hunyonya zaidi ya asilimia 10, ni laini zaidi, hukatwa vizuri kwa mkono, na hushikwa vyema na gundi kwa kuwa mgongo wake unanyonya. Imekuwa ikitumiwa kwenye nyuso za meko kwa vizazi vingi. Udhaifu wake ni kwamba mng'ao wake, yaani tabaka la kioo lililo juu ya uso, unaweza kupata nyufa nyembamba kama nywele baada ya misimu kadhaa ya joto na baridi. Nyufa hizo hazikiangushi kigae, bali hukusanya masizi na kukifanya kionekane kikuukuu.

Ushauri wangu ni huu: poseleni kwa kibaraza daima, na kwa sentimita 15 zinazozunguka mdomo. Zaidi ya hapo, chagua unachokipenda kati ya hivyo viwili. Poseleni hainyonyi, hivyo inadai gundi bora zaidi, jambo lililoelezwa katika swali la 14.

6. Vipi kuhusu mawe ya asili?

Nyumba nyingi za zamani za huku zimejengwa kwa mawe ya volkano yaliyochongwa kwa mkono, na kwa hiyo jiwe katika meko halionekani geni. Lakini mawe hayafanani. Graniti na mawe ya volkano yaliyoshikamana huvumilia joto la uso wa meko bila taabu. Mawe bapa yanayouzwa kwa jina la mawe ya Tanga yanapendeza sana kwenye kibaraza, ila yana tabaka. Gonga kila kipande kabla ya kukinunua, na kama kinatoa sauti ya uwazi, kiache, kwa kuwa kitaachana tabaka kwa tabaka.

Marumaru huvumilia joto la wastani, lakini hunyonya mafuta na masizi, na tone la ndimu au siki huliacha na doa lisilofutika. Mawe yenye kwazi (madini magumu ya kung'aa, quartz) nyingi hayafai kukaa karibu mno na moto, kwa sababu kwazi hubadili umbo na kutanuka ghafla inapofika nyuzi 573. Mawe ya mtoni, yale ya mviringo ambayo watoto huyaokota Karanga au Themi, yasiwekwe kabisa karibu na tumbo. Maji yaliyojificha ndani yake hugeuka mvuke, na jiwe linaweza kupasuka kwa kishindo na kurusha vipande chumbani.

7. Nimevutiwa na vigae vya saruji vyenye maua. Naweza kuvitumia?

Kwenye uso wa juu, mbali na mdomo, unaweza. Kwenye kibaraza na pembeni mwa mdomo, sishauri. Vigae hivi havichomwi: hugandamizwa kwa mashine na kuachwa vikauke, kwa hiyo vinabaki na vinyweleo vinavyonyonya masizi, mafuta ya nyama choma na chai iliyomwagika. Hata vikipakwa dawa ya kuziba vinyweleo, dawa hiyo mara nyingi hubadilika rangi karibu na joto. Kama ni maua unayoyataka, poseleni zilizochapwa michoro ya namna hiyo zinapatikana, na hazina udhaifu huo.

8. Vigae vinavyong'aa au visivyong'aa?

Uso unaong'aa huakisi mwali wa moto na hufutika kwa kitambaa chenye maji. Kibaraza kisichong'aa huficha mikwaruzo na hakitelezi. Kwa nyumba ya zamani ningeongeza sharti moja: epuka ule mng'ao wa kioo wa vigae vikubwa vya kisasa. Mng'ao wa zamani ulikuwa mzito, wenye mawimbi madogo na rangi isiyolingana sawasawa kati ya kigae na kigae, na jicho huutambua hata kama mwenye jicho hajui anachokiona.

9. Je, plastiki, stika au vigae vya kioo vinafaa?

Plastiki na stika, hapana, mahali popote kwenye meko. Huyeyuka, hutoa moshi wenye sumu na zinaweza kushika moto. Vigae vya kioo huweza kutumika mbali na mdomo iwapo mtengenezaji ameandika kwamba vinavumilia joto. Asipoandika, viache.

10. Ukubwa gani unafaa?

Vigae vidogo. Mita 1.2 ya vigae ikipata ongezeko la nyuzi 80 hutanuka kwa zaidi kidogo ya nusu milimita. Ukiwa na vigae vinane na mapengo tisa, kila pengo hubeba sehemu ndogo tu ya mtanuko huo. Ukiwa na vigae viwili vya sentimita 60, mapengo ni machache na mzigo wote huenda kwenye gundi. Aidha, kuta za nyumba za zamani hazijanyooka, na kigae kikubwa kikiwekwa juu ya ukuta uliovimba hukaa juujuu, kona zake zikining'inia.

Sentimita 10 kwa 10, 15 kwa 15, au vile virefu vya sentimita 7.5 kwa 15 vinakubaliana na vipimo vya meko mengi ya zamani. Vile vya 60 kwa 60 vinavyojaa madukani ni vya sakafu ya ukumbi, na hata vikikatwa vizuri huyafanya meko yaonekane kama mlango wa benki.

## Kupatana na umri wa nyumba

11. Enzi hizo waliweka vigae vya namna gani?

Inategemea nani aliijenga na lini. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, na tangu hapo kuleta vifaa vizito kutoka pwani kulirahisika sana. Kabla ya hapo, na hata baadaye, meko mengi yalijengwa kwa mawe ya mahali hapo bila kigae hata kimoja, na kuyabandika vigae leo ni kuyavisha vazi ambalo hayakuwahi kuwa nalo. Meko yako yakiwa ya mawe yaliyochongwa na bado yako imara, fikiria kuyasafisha na kuweka vigae kwenye kibaraza tu.

Mila ya Uingereza ya enzi za Malkia Victoria na baadaye kidogo ilikuwa meko yenye uso wa chuma cha kusubu, na kila ubavu ulikuwa na safu ya vigae vitano vya inchi 6 kwa 6, vyenye maua au rangi moja nzito ya kijani, kahawia au bluu. Ujerumani ilipenda jiko kubwa lililofunikwa vigae kila upande, ambalo hutunza joto kwa saa nyingi. Kufikia miaka ya 1930, mtindo wa Kiingereza ulikuwa umegeukia vigae visivyo na michoro, vya rangi ya maziwa au kahawia hafifu, vilivyopangwa kwa ngazi. Ukijua nyumba yako iko karibu na mila ipi, uchaguzi wako dukani unakuwa mfupi zaidi.

12. Nimekuta vigae vya zamani, viwili vimepasuka. Nivitoe vyote?

Tafadhali usivitoe. Gonga kila kimoja taratibu kwa mpini wa bisibisi. Kinachotoa sauti nzito kimeshika, na kinachotoa sauti ya uwazi kimeachia nyuma. Vilivyoshika viachwe hata kama vina nyufa za nywele. Vilivyoachia vinaweza kutolewa, kusafishwa mgongo na kurudishwa.

Kwa viwili vilivyovunjika, usitafute mfanano kamili kwenye maduka ya kisasa. Kigae cha Kiingereza cha inchi 6 kina milimita 152.4, ilhali cha leo kina 150. Tofauti ya milimita 2.4 haionekani kwenye kigae kimoja, lakini kwenye safu ya vinane inafika karibu sentimita 2, na mistari haikutani tena. Njia ya heshima ni kuhamisha vigae vizima kutoka mahali pasipoonekana sana, kwa mfano kona ya chini, na kuweka vipya vya rangi moja pale vilipotoka. Usivisugue wala kuvikata vigae hivyo vikiwa vikavu, kwa kuwa mng'ao wa zamani unaweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu.

13. Sakafu yangu ni ya saruji nyekundu iliyopigwa nta. Rangi gani itaendana nayo?

Sakafu nyekundu ni hazina ya nyumba hizi, na kosa linalofanywa mara nyingi ni kutafuta kigae chekundu kinachoifanana. Hakipatikani, na wekundu wa aina mbili uliokaribiana hugombana. Chagua rangi inayojitenga nayo wazi: kijani cha chupa, rangi ya maziwa, kijivu cha jiwe la volkano, au nyeusi isiyong'aa kwa kibaraza. Chukua vigae vitatu vya mfano hadi nyumbani, viweke chini mbele ya meko, na uvitazame asubuhi, kisha usiku kwa mwanga wa moto. Taa nyeupe za dukani huficha mengi. Nyumba yenye sakafu ya mbao za mninga inafuata kanuni hiyohiyo, ila rangi ya maziwa hapo hupendeza kuliko nyeupe tupu.

## Kubandika

14. Fundi anasema saruji tupu inatosha. Ni kweli?

Kwa sakafu ya choo pengine ingetosha. Kwa meko, hapana. Saruji tupu ikikauka husinyaa na kuwa ngumu isiyokubali mwendo wowote, na mwendo ndio unaotokea kila moto unapowashwa na kuzimwa. Nunua gundi ya unga inayochanganywa na maji, yenye alama ya C2 kwenye mfuko, na ikiwezekana S1, ambayo inamaanisha inanyumbulika kidogo. Soma kiwango cha joto kilichoandikwa. Gundi nyingi za saruji zimetengenezwa kwa joto lisilozidi takriban nyuzi 80 hadi 100, hivyo kwa sentimita zile 15 za karibu na mdomo tafuta gundi iliyoandikwa wazi kwamba ni ya meko au ya joto kali. Gundi ya ndoo iliyo tayari, yenye alama ya D, isitumike, kwa kuwa hulainika inapopata joto.

Mwombe fundi apake gundi kwa mwiko wa meno kwenye ukuta mzima na asiweke madonge matano nyuma ya kigae. Nafasi tupu kati ya madonge huacha pembe za kigae bila mtu wa kuzishika.

15. Ukuta wangu ni wa mawe yaliyounganishwa kwa chokaa au udongo. Vigae vitashika?

Vitashika kama vitabandikwa juu ya kitu kilichoshika ukuta. Lipu ya zamani ya chokaa ikikwanguliwa na ukucha ikadondoka unga, haiwezi kubeba vigae, na gundi bora kuliko zote itang'oka pamoja nayo. Ibandue hadi kwenye jiwe, chokonoa viungo kwa kina cha sentimita 2, brashi vumbi lote, lowanisha, kisha upige lipu mpya ya mchanga, chokaa na saruji kidogo. Lipu ya saruji kali juu ya ukuta laini hufunga unyevu ndani, na unyevu huo hutokea baadaye kama chumvi nyeupe juu ya vigae. Acha lipu ikauke vizuri, ukihesabu kwa wiki badala ya siku, hasa ukiifanya wakati wa masika.

16. Naweza kubandika vigae vipya juu ya vya zamani?

Kwenye meko sishauri. Unaongeza uzito na unene na unaufanya mdomo kuwa mdogo, jambo linaloweza kuharibu mvuto wa dohani. Tena hujui vya chini vimeshika kiasi gani. Kama vya chini ni vya thamani, soma tena swali la 12.

17. Kibaraza kiwe na ukubwa gani?

Kanuni za ujenzi za Uingereza hudai kibaraza kitokeze angalau milimita 500 mbele ya meko yaliyo wazi na milimita 150 kila upande. Za Marekani hudai inchi 16 mbele na inchi 8 kila upande kwa mdomo ulio chini ya futi 6 za mraba, na inchi 20 mbele na 12 kila upande kwa mdomo mkubwa zaidi. Nyumba nyingi za zamani zina kibaraza kifupi kuliko hivyo. Kama sakafu ni ya mbao, kirefushe kabla ya kununua vigae. Hakikisha pia kwamba chini ya vigae kuna zege wala si mbao, kwa sababu kigae hupitisha joto na boriti iliyo chini yake inaweza kuungua polepole bila mwali kuonekana.

18. Vigae vya juu ya mdomo hupasuka katikati kila mara. Kwa nini?

Karibu kila mara chanzo ni linta, yaani boriti inayobeba ukuta juu ya mdomo. Katika nyumba za zamani linta ya meko mara nyingi ni pande la chuma, na chuma hutanuka karibu mara moja na nusu ya kigae. Kikishika kutu, kutu yenyewe huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa na kusukuma ukuta kwa nguvu. Kubandua na kubandika upya bila kugusa linta ni kurudia gharama ileile msimu ujao. Fungua ukuta, kagua chuma, kikwangue na kukipaka rangi ya kuzuia kutu au ukibadilishe, kisha acha pengo la milimita 3 hadi 6 kati ya chuma na vigae. Pengo hilo lijazwe kizibo cha joto kali, wala lisijazwe grauti. Pengo kama hilo linahitajika pia pale uso unapokutana na kibaraza, na pale vigae vinapokutana na fremu ya chuma cha kusubu.

19. Ninunue vigae vingapi, na ningoje muda gani kabla ya kuwasha?

Pima eneo, ongeza asilimia 15, kwa kuwa meko yana kona na mikato mingi. Maboksi yote yawe na namba ileile ya rangi na namba ileile ya kipimo. Weka vigae vitano darini kwa ajili ya ukarabati wa baadaye.

Kuhusu kuwasha, fuata mfuko wa gundi. Usiposema chochote, ngoja wiki nne. Moto wa kwanza uwe wa vijiti vichache kwa nusu saa, wa pili kesho yake uwe mkubwa kidogo, na uendelee hivyo kwa siku nne au tano. Tumia magogo makavu ya mgrevilea au mibuni iliyong'olewa. Kuni mbichi hutoa moshi mzito unaopaka dohani na vigae utomvu mweusi.

## Hali za pekee

20. Meko yana rafu ya mbao juu yake. Vigae viifikie?

Vinaweza kuifikia, lakini pima kwanza umbali wa mbao kutoka mdomoni. Kanuni za Marekani haziruhusu mbao ndani ya inchi 6 kutoka mdomo, na kati ya inchi 6 na 12 mbao isitokeze zaidi ya moja ya nane ya inchi kwa kila inchi ya umbali. Rafu ya zamani iliyobadilika rangi upande wa chini tayari imekupa jibu: ipandishe, na ujaze nafasi hiyo kwa vigae.

21. Meko hayatawashwa tena. Masharti haya bado yapo?

Ya joto hayapo. Unaweza kutumia kigae chochote unachokipenda, pamoja na vile vya saruji. Sharti moja linabaki: usizibe dohani pande zote mbili. Funika juu kuzuia mvua, na chini acha tundu lenye wavu, la sentimita 10 kwa 20 hivi, hewa ipite. Dohani lisilopumua hulowa ndani, na unyevu huo hutokea sebuleni kama doa la kahawia. Waachie pia ujumbe watakaokuja baada yako, hata kwa karatasi iliyofungwa vizuri na kuwekwa ndani ya tumbo, kwamba gundi iliyotumika si ya moto.

22. Nyuma ya vigae nimekuta ubao wa kijivu wenye nyuzinyuzi. Ni nini?

Unaweza kuwa wa asbesto, ambayo ilitumiwa sana zamani kukinga joto. Kwa macho huwezi kuwa na hakika. Simamisha kazi, usiukate, usiuvunje, usiufagie ukiwa mkavu. Funika kwa plastiki, watoe watoto chumbani, na uwasiliane na ofisi ya mazingira ya halmashauri kabla ya kuendelea. Ubao ulio mzima na uliofunikwa una hatari ndogo kuliko uliovunjwa, na wakati mwingine uamuzi sahihi ni kuufunga palepale na kubandika vigae juu ya ukuta mpya uliojengwa mbele yake.

23. Nimenunua nyumba ambayo mwenyewe wa awali alifunika meko kwa vigae vya kisasa. Nitajuaje kilichopo chini?

Anza na kigae kimoja cha kona ya chini, pale uso unapokutana na kibaraza, kwa sababu hapo uharibifu hauonekani. Kwangua grauti pande zote nne, kisha ingiza patasi nyembamba kwa mlalo ukigonga taratibu. Kama alitumia madonge, kigae kitatoka kizima na utaona cha chini mara moja. Kama alipaka niru (uji wa saruji na maji) juu ya mng'ao wa zamani bila kuukwangua, una bahati, kwa kuwa saruji haishiki vyema kwenye mng'ao na mara nyingi huachia kama ganda la yai. Ukikuta alama za tindo kwenye vigae vya chini, alivikwangua ili gundi ishike, na vingi havitaokoka. Ukikuta jiwe tupu lenye mabaka ya gundi, mabaka hayo hutolewa kwa tindo ndogo na subira; usitumie tindikali, kwa kuwa itakula chokaa ya viungo kabla ya kuimaliza gundi.